Mama Mkwe Ameshtakiwa kwa Ajali Yangu

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa heshima na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniita jina lolote, kwa sababu zimebaki siku kumi na tisa mama mkwe wangu asimame mahakamani kwa kosa la kuendesha gari bila uangalifu na kumjeruhi mtu, na aliyekuwa anaendesha gari hilo ni mimi, na nikikutajia kazi yangu utacheka kwanza halafu ndio utakasirika: mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na nne sasa, nimefundisha madaktari, nimefundisha mapadri, nimemfundisha hata mke wa mwenye shule, na wanafunzi wangu wameniita Taratibu kwa vile neno hilo halikauki mdomoni mwangu.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, namrudisha mama mkwe nyumbani kutoka kununua kitambaa cha mapazia, gari langu mwenyewe, barabara pana, hakuna mvua, hakuna ukungu, hakuna wa kumsingizia, na mimi mkono mmoja nimeshika usukani na mwingine nimeshika simu, nawarekodia wanafunzi wangu ujumbe wa sauti kwenye kundi letu, watu kumi na saba, maana Jumatatu walikuwa na mtihani, nawaambia, nakumbuka neno kwa neno kwa kuwa nimelisikia mara nyingi mno tangu siku hiyo, "Wanafunzi wangu, dereva mzuri macho yake hayaondoki barabarani hata kwa..." na hapo mama mkwe akapiga ukelele, "Wewe! Angalia mbele!" kikafuata kishindo, na trei kumi na moja za mayai zikamwagikia kioo cha mbele, na kidole changu kwa woga kikaachia kitufe, na ujumbe ukaenda.

Muuza mayai alikuwa na baiskeli, nimemgonga kwa ubavuni akaangukia mtaroni na kifundo cha mkono kikavunjika. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, kabla mimi sijazima injini yeye alishashuka upande wake, alishaingia mtaroni na gauni lake, na alishachana kitambaa cha mapazia kumfunga yule baba wa watu mkono, huku anamsemesha kama mjamzito aliye kwenye uchungu, "Pumua, mwanangu, pumua, usiuangalie." Mimi nilikuwa nafuta kioo. Usiniulize kwa nini nilikuwa nafuta kioo. Akaja askari wa trafiki, akatoa daftari, akauliza, "Dereva nani hapa?" Nikafungua mdomo, mshauri, naapa nilifungua mdomo, lakini sauti haikutoka, na mama mkwe bila hata kugeuza shingo akajibu, "Mimi," akatoa leseni kwenye pochi, leseni hai kabisa ambayo anailipia kila inapokwisha ingawa hajashika usukani miaka sita, kwani huko zahanati alikostaafu alikuwa anaendesha mwenyewe gari la wagonjwa, miaka ishirini na saba anabeba wajawazito kwenye mashimo na matope na hajawahi kukwaruza hata mti.

Tukiwa tunarudi, gari lote linanuka mayai, akaniambia, "Leseni yako ikifungiwa, binti yangu na watoto watashika nini? Yangu inakaa tu kwenye pochi." Nikamwambia asante. Yaani nilisema asante, mshauri, kama mtu aliyesogezewa chumvi mezani.

Sasa ule ujumbe wa sauti. Nilipokumbuka kuufuta ilikuwa jioni, wote kumi na saba walishausikia, na mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, akaandika, "Mwalimu, umeigiza ile ajali vizuri mno, mpaka nimeshtuka!" Mwingine akasema, "Na huyo mama uliyemweka apige kelele ni nani, ana kipaji." Nikaona hapo ndipo pa kupumulia, nikajibu, "Ahsanteni, nilitaka mpate picha halisi." Jumatatu wakafaulu wote kumi na saba, jambo ambalo halijapata kutokea shuleni kwetu, na mwenye shule akaichukua ile sauti akaiweka kwenye spika, sasa kila darasa jipya linafunguliwa nayo, nakaa mbele ya watu nikisikia mkono wa mwenzangu unavunjika na watu wanapiga makofi.

Tukaenda mahakamani siku ya kwanza, kesi za barabarani zinasikilizwa Jumatano, chumba kidogo chenye mabenchi sita na feni moja inayokwaruza kama koo la mgonjwa, na kama hujawahi kufika nakueleza kwamba mambo huko yanakwenda haraka kuliko unavyodhani, karani anaita, mtu anasimama, hakimu anamsomea shtaka, anamuuliza ni kweli au si kweli, akisema ni kweli anaulizwa ana la kujitetea kuhusu adhabu, anataja watoto, anapigwa faini, anashuka, mwenye lori la matairi vipara dakika saba, mwenye kupita taa nyekundu dakika nne, nikawa nahesabu, nikasema moyoni mama naye atasema ni kweli, nitatoa faini mimi, itakuwa imekwisha tukawahi chakula cha mchana. Hakimu akamsomea, akamuuliza, "Mama, ni kweli au si kweli?" Mama mkwe akajishika kizimba, akasema kwa sauti ya kuita wodi nzima, "Mheshimiwa, si kweli hata chembe."

Hakimu akaandika amekana shtaka, dhamana ikatolewa, kesi ikapangiwa tarehe ya kutajwa, na tulipotoka kwenye korido nikamuuliza, "Mama, sasa umefanya nini?" Akanijibu, "Askari nilimdanganya, hilo nimelifanya. Lakini hakimu kaniuliza kama nimeendesha vibaya. Mimi sijaendesha. Ulitaka nimdanganye na yeye?"

Tangu hapo tumekwenda mara nne, mara faili halijafika, mara askari aliyechora mchoro wa ajali yuko safarini, na mama mkwe wangu anaifurahia mahakama kama watu wanavyofurahia harusi, anavaa gauni la zambarau, anakaa benchi la mbele, anawafundisha washtakiwa wengine jinsi ya kusimama, "Toa mikono mfukoni, usimwite hakimu bosi, ukikosa kubali mapema," na karani anamwekea mto wa kukalia. Muuza mayai naye huwa anakuja kama shahidi, mkono umefungwa plasta, na mama mkwe ndiye anayempeleka kliniki kila wiki. Nilimsikia siku moja pale koridoni akimwambia, "Mama, mimi nakumbuka wewe ulitokea mlango wa abiria." Mama akamwekea vizuri kitambaa cha bega, akamwambia, "Wewe uliangukia kichwa, mwanangu, pumzika." Yule bwana akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu. Huyo ndiye mtu wa tatu anayejua ukweli.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Mke wangu ana saluni, na wateja wameshajua, wakikaa kwenye kiti wanauliza kama wanaoshwa nywele kwa shampuu au kwa mayai, na yeye aibu hiyo anaimalizia kwa mama yake, amemnyang'anya funguo za akiba za gari alizokuwa anatutunzia akazifungia kwenye droo, amemkataza kuwapeleka wajukuu shule hata kwa miguu, anamwambia, "Mama, umezeeka, kubali," na mama anaitikia, "Sawa, mwanangu," anaendelea kumenya viazi. Na nitakueleza hili ambalo sijamweleza yeyote: siku moja mezani, wageni wapo, mke wangu alisema mama yake hafai tena kukaa nyuma ya usukani, wote wakanigeukia mimi mtaalamu, na mimi nikasema, "Ni kweli, umri nao unapunguza wepesi wa mguu." Mama mkwe akaniongezea mchuzi.

Sasa limekuja jipya. Mwendesha mashtaka amesema kwa kuwa mama ni mtu mzima, hana kosa la nyuma, na muuza mayai hana kinyongo, wako tayari kulimaliza shauri bila kusikiliza ushahidi: mama amlipe yule bwana baiskeli na mayai yake, ahudhurie masomo kumi na mawili ya udereva salama kwenye shule inayotambuliwa, alete cheti, akiri kosa, na hakimu ataombwa amwachie kwa onyo. Barua ya mahakama ikaletwa shuleni kwetu. Mwenye shule akaisoma, akaniita, "Taratibu, kuna bibi kichwa ngumu analetwa na mahakama, kamgonga mtu wa mayai. Nakupa wewe, una subira." Hajui ni mkwe wangu.

Kwa hiyo ninamfundisha, mshauri. Anakuja na daftari lenye jalada, anakaa nyuma ya usukani, anafunga mkanda, ananiuliza, "Mwalimu, tuanzie wapi?" na anaendesha vizuri kuliko mimi, anarudi nyuma kwenye kichochoro kwa kioo cha pembeni tu, na tukimaliza ananiambia, "Andika hapo, mwanafunzi anaonyesha maendeleo." Naandika. Somo la kumi, wiki iliyopita, alipita mwenyewe barabara ile ile, akafika kwenye ule mtaro, akaweka gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari, akasema, "Hapa ndipo nilipomgonga yule baba. Au siyo, mwalimu?" Akazima na injini. Tukakaa. Nilisikia zile taa zinavyogonga, tik, tik, tik. Nikamwambia, "Washa indiketa, tuondoke." Akawasha, tukaondoka.

Yamebaki masomo mawili, halafu natakiwa nisaini fomu ya mahakama kwamba mshtakiwa amejirekebisha. Nikisaini yote yamekwisha, na mama mwenyewe ukimuuliza kama atakiri anasema, "Masomo nimeyakubali, kukiri bado nakutafakari," sijui ana maana gani. Nikisema ukweli leseni yangu itafungiwa, mwalimu wa udereva bila leseni ni nani, mwenye shule atanifukuza, mke wangu sijui atanifanya nini, na mama anaweza kushtakiwa kwa kumdanganya askari, kwa hiyo hata nikisema nitakuwa nimemuumiza yeye, je, si bora ninyamaze kwa ajili yake? Naomba ushauri wako, na tafadhali usitaje gari letu ni la rangi gani, maana mke wangu husoma ukurasa huu saluni.

Mimi, Mwalimu Niliyekwama

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe kaa sawasawa.

Sikucheka kazi yako. Nilicheka ulipofika kwenye ule ujumbe wa sauti, na nilicheka sana, hata mhariri akaja kuniuliza kulikoni. Halafu nikafika mezani kwako, kwenye ule mchuzi, kicheko kikaisha. Ajali inaweza kumpata yeyote aliye mjinga kwa sekunde tano. Woga mbele ya askari nao nauelewa, ulimi unakufa, wengi tunao. Lakini pale mezani hukuwa na woga. Hakukuwa na askari wala daftari. Ulikuwa na sahani mbele yako, ukaulizwa habari za mama aliyebeba kosa lako, na wewe kwa utaalamu wako wa miaka kumi na minne ukatoa ushahidi dhidi ya mguu wake. Hilo halimo kwenye hati ya mashtaka, lakini ningekuwa hakimu ningeanza nalo.

Unaniuliza kama si bora unyamaze "kwa ajili yake". Acha hiyo. Mtu anayenyamaza kwa ajili ya mwenzake huwa hasahihishi daftari la mwenzake na kumwandikia anaonyesha maendeleo.

Na inaonekana wewe hujamwelewa mama mkwe wako hata kidogo, ingawa mnakaa viti viwili vinavyogusana. Mama huyu angetaka kulimaliza jambo angesema "ni kweli" siku ya kwanza, dakika nne, mkawahi chakula. Alikana. Amekubali kuahirishwa mara nne. Amekubali masomo kumi na mawili kutoka kwa mtu asiye na cha kumfundisha. Amekuegeshea gari penye mtaro akazima injini. Unadhani alikuwa anatafuta nini, mwalimu, upepo? Amekupa muda. Amekupa muda mwingi kuliko ambao mahakama yoyote ingekupa, na wewe umemwambia awashe indiketa.

Sasa sikiliza la kufanya.

Hiyo fomu usiisaini. Weka kalamu chini. Mpaka leo umenyamaza, na kunyamaza ni kubaya. Ukisaini utakuwa umeiandikia mahakama uongo kwa mkono wako, ukiwa mwalimu anayetambuliwa, na hapo utakuwa umejitafutia kesi nyingine kubwa kuliko ya mayai.

Ule ujumbe wa sauti usiufute wala usimwombe mtu aufute. Ni ushahidi, na kwa bahati yako mbaya ni ushahidi mzuri.

Mwambie mke wako leo. Usimwambie chumbani kwa kunong'ona. Mama alidharauliwa sebuleni, basi heshima yake irudi sebuleni, yeye mwenyewe akiwa amekaa. Sema kwa kifupi. Usianze na "unajua mke wangu maisha yana changamoto." Anza na "Aliyekuwa anaendesha ni mimi." Baada ya hapo funga mdomo na upokee chochote kitakachokuja.

Kesho asubuhi tafuteni wakili, wewe na mama, kabla hamjamwendea askari wala mwendesha mashtaka. Mwelezeni yote, hata la mlango wa abiria. Yeye ndiye atakayewapeleka kwa mwendesha mashtaka kwa utaratibu, kwa sababu shtaka lililopo haliwezi kuhamia kwako kwa kusimama ghafla mahakamani na kupaza sauti kama kwenye sinema. Litaondolewa kwa mama, utaandikiwa lako. Siku ukisomewa, kubali pale pale. Mahakama huwa inampima tofauti anayekubali mwenyewe na anayengoja mtu wa mayai aape.

Na huyo mtu wa mayai mwendee wewe mwenyewe. Mmemweka pabaya mno. Mkono mmemvunja, halafu mmemwachia uamuzi wa kula kiapo na kusema uongo kwa kumwonea haya mama anayempeleka kliniki. Mwambie, "Sema ulichokiona."

Mwenye shule naye aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na gazeti hili. Kazi unaweza kuipoteza. Sitakudanganya kwamba hutaipoteza.

Na wewe mama, najua unasoma, mwanamke wa namna yako hakosi kusoma. Nakuvulia kilemba kwa moyo wako, lakini kumdanganya askari ni kosa, na kumfundisha mtu mzima uanaume kwa kumtania mahakamani tarehe baada ya tarehe ni kuchezea muda wa umma. Ungemwuliza tu. Nenda na yeye kwa wakili, omba radhi penye kuombwa, na zile funguo zako zidai leo hii.

*

WIKI TISA BAADAYE: MWALIMU ANAANDIKA TENA

Mpendwa mshauri, nilikuahidi moyoni kwamba nikinusurika nitakuandikia, na nimenusurika kiasi.

Nilimwambia mke wangu jioni ile ile gazeti lilipotoka, na nilichelewa kidogo kwa sababu alikuwa ameshalisoma saluni saa tano asubuhi, akiwa na mteja mwenye povu kichwani, na alipofika kwenye kitambaa cha mapazia akamwacha mteja na povu lake akarudi nyumbani. Nilimkuta amekaa, mama amekaa, droo iko wazi. Nikasema, "Aliyekuwa anaendesha ni mimi." Mke wangu akasema, "Najua. Endelea." Na kwa vile uliniambia nifunge mdomo, nikafunga. Akamwendea mama yake, akampa funguo, akapiga magoti, akalia, na mama akamwambia, "Inuka, magoti yenyewe ya kurithi, utayaharibu." Mimi sikuambiwa neno siku tatu. Nililala kwenye kochi, na ukumbuke kochi letu ni la watu wawili waliokaa.

Wakili alitusikiliza, akavua miwani, akaivaa, akatupeleka kwa mwendesha mashtaka, mama mmoja mkavu sana ambaye hata siku moja sikuwahi kuona meno yake. Alisoma maelezo yangu mara mbili, akasema, "Niko hapa miaka kumi na sita. Watu huja kuniomba niwafutie mashtaka. Wewe ni wa kwanza kuja kuniomba nikushtaki." Nikaona meno yake.

Jumatano ile shtaka la mama likaondolewa, la kwangu likasomwa. Niliulizwa ni kweli au si kweli, nikasema ni kweli, na sauti safari hii ilitoka. Kuhusu adhabu nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikaziacha mfukoni, nikasema nilikuwa na simu mkononi, nilimvunja mtu mkono, na nilimwacha mzee wangu asimame mahali pangu. Hakimu akanipiga faini, akaamuru nimlipe muuza mayai baiskeli, mayai na siku zake zote alizokaa bila kazi, na leseni imefungiwa miezi minane. Mama alisimama akaomba radhi kwa kumdanganya askari, mwendesha mashtaka akasema hana nia ya kumfungulia shauri jipya, na hakimu akampa onyo kali, halafu akaongeza, "Na mama, nimesikia unafundisha washtakiwa wangu pale benchi." Mama akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Hakimu akasema, "Wameanza kutoa mikono mfukoni. Lakini acha."

Muuza mayai alinipa mkono wake mzima. Alisema alikuwa halali vizuri kwa kufikiria kile kiapo. Mwenye shule hakunifukuza, amenishusha darasani kufundisha alama za barabarani mpaka leseni irudi, mshahara umepungua, na kila darasa jipya baada ya ile sauti kupigwa natakiwa nisimame niseme kwamba sikuigiza. Wiki iliyopita fundi cherehani, aliyekuja kuchukua cheti chake, alikaa nyuma akasikia, akaniuliza mbele ya wote, "Kwa hiyo yule mama alikuwa anapiga kelele kweli?" Nikasema kweli. Akasema, "Basi mwalimu, tulikupigia makofi bure."

Mke wangu ameshanirudisha chumbani, lakini ameanzisha utaratibu mpya. Kila tukimaliza kula anaweka kijiko chini, ananitazama, ananiuliza, "Kuna lingine?" Na mshauri, sijui ni mahakama iliyonizoeza, nikiulizwa hivyo sasa sijizuii. Kwanza nilikiri habari za redio ya saluni niliyoiangusha. Kesho yake nikakiri kwamba ile barua ya mwalimu wa mtoto niliisoma nikaificha. Juzi, mama mkwe akiwa anajisogezea bakuli la matunda, nikakiri kwamba lile gauni la mke wangu la harusi ya mdogo wake halikuunguzwa na dobi, ni mimi nililipiga pasi huku naangalia mpira, na dobi wa watu ameachwa bure miaka minne.

Mke wangu akasimama taratibu. Mimi nikajikuta, kwa mazoea tu, namgeukia mama mkwe.

"Usinitazame mimi," akasema, akichagua embe. "Pasi sina leseni yake."